Jina Lililoongezwa kwa Penseli

Mill Ferry, Georgia
Jumatatu, 9 Juni 1986

Kwa mdogo wangu Alton,

Pokea salamu za nyumbani, zimechelewa lakini hazijapoa. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na mkeo Rosalind, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Ukituuliza sisi, hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mume wangu Clifton anaumwa goti, kama kawaida yake kila kunapokuwa na kazi bustanini. Watoto wamefunga shule na wameshaanza kunichosha. Joto limekuja mapema mwaka huu, na mbwa wa jirani wamehamia chini ya sakafu yetu bila kubisha hodi.

Hii ni wiki ya tatu tangu tumzike Baba. Najua unajiuliza dada yako, mwalimu wa watu, ameshindwaje kukuandikia hata ukurasa mmoja. Nimeandika mara nne na mara nne nimechana. Ile Jumatano nilipokupigia simu, siku moja baada ya kifo chake, tuliongea dakika tano tu. Uliniuliza swali moja, kama Baba alikutaja. Nikakujibu kwa neno moja. Ukasema, "Basi mzikeni vizuri, Tine," ukakata. Swali lako nitalirudia humu humu kabla sijatia sahihi. Kwanza nikueleze tulivyomzika, kwa sababu tulimzika vizuri kweli, na wewe una haki ya kutembea kifua mbele kama sisi.

Watu walijaa, Alton. Magari yaliegeshwa kuanzia kanisani mpaka kwenye kiwanda cha pamba, na waliokosa viti walisimama nje madirishani na pepeo zao za karatasi. Mbele ya ngazi lilisimama basi la shule aliloliendesha Baba, namba kumi na nne, limeoshwa likang'aa, na kitambaa cheusi kimefungwa kwenye kioo. Dereva wa sasa ni kijana ambaye Baba mwenyewe alimbeba tangu darasa la kwanza. Alisema basi hilo limemjua mzee miaka ishirini na mitatu, lisingekosa kuja kumuaga.

Alilala na joho lake la kuhubiria, na miguuni viatu vyake vya jeshi, kama alivyoagiza. Clifton alivipiga rangi mara tatu. Nilimwambia vinatosha, nani atavitazama ndani ya jeneza? Akanijibu kwamba mimi simjui Sajini Lemuel Broadnax, huyo anaweza kurudi kukagua.

Waliotaka kumkumbuka walipewa dakika mbili kila mmoja, na kama unavyotujua, hakuna aliyeziheshimu. Aliyetuliza watu alikuwa mama mmoja mzungu, Bibi Darlene Suggs, mwenye duka la mbegu. Alitukumbusha ule mwaka watoto weusi na weupe walipotiwa shule moja kwa mara ya kwanza, wazazi wakaziba barabara kwa magari ili basi lisipite. Baba yake Darlene alikuwa mmoja wao, na Darlene mwenyewe alikuwa ndani ya gari anachungulia. Baba yetu alizima injini, akashuka, akavaa kofia, akawasalimu mmoja mmoja kwa jina. Halafu akasema, "Mabwana, nina watoto arobaini na mmoja humu ndani, na sasa ni saa mbili kasoro kumi. Nani kati yenu atawaandikia barua kwa mwalimu, kwamba wamechelewa kwa sababu yake?" Wakatazamana. Hakuna aliyetaka jina lake liwe kwenye barua hiyo. Mmoja akacheka, akarudisha gari nyuma, wengine wakafuata. Bibi Suggs alisema baba yake alirudi nyumbani amenuna, lakini jioni alipokuwa anakula akasema taratibu, "Yule jamaa ana moyo." Kanisa zima likapiga makofi, na mimi nikapiga mpaka pete ikaniumiza kidole.

Mimi nilisimama kwa niaba ya familia. Sikusema mambo makubwa, kwani makubwa yalishasemwa. Nilisema kwamba mtu huyu aliyekuwa wa kila mtu alikuwa wetu Jumamosi asubuhi, alipojifunga aproni ya Mama na kupika uji mzito wa mahindi, mayai na soseji, huku akiimba kwa sauti iliyomfanya paka atoke nje. Nilisema jinsi alivyomwosha Mama nywele mwaka ule wa mwisho, akizichana polepole kuanzia nchani ili asimuumize, na kwamba alipomaliza alimpa kioo, akamwuliza, "Bibi harusi ameridhika?" Hilo wewe hukuliona. Ulikuwa Kanada na huku kulikuwa na hati ya kukukamata, hukuweza hata kuja kumzika. Najua lilikukata.

Nikataja pia mashati. Hakuruhusu mtu apige pasi mashati ndani ya nyumba ile. Aliyapiga mwenyewe, kijeshi, mikunjo mitatu mgongoni iliyonyooka kama imepigwa rula. Hapa nikuulize kitu nilichotaka kukuuliza miaka kumi na sita. Asubuhi ile ulipoondoka hukumwona Baba. Alikuwa ameshatoka kwenda kupasha injini ya basi moto, na wewe ukaniambia pale mlangoni kwamba mzee ameona aibu hata kukuaga. Ulipofika huko ukafungua sanduku lako, uliyakuta mashati sita. Ulitazama migongo yake?

Mtu wa maneno machache kwa wanawe, wa maneno mengi kwa watu wa Mungu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, lakini mshindo wenyewe wakati mwingine huchelewa mno.

Shemasi Hightower ndiye aliyeongoza sala. Najua unakunja uso ukiliona jina hilo, maana uliondoka hapa ukiwa na hakika kwamba Wendell Hightower atalifuta jina lako kanisani kabla hujavuka mpaka. Alijaribu. Sasa nikuambie yaliyotokea, ambayo Baba alitukataza kuyatoa nje kwa sababu mambo ya mkutano hubaki mkutanoni.

Ilikuwa wiki mbili baada ya wewe kwenda, mkutano wa Jumamosi. Hightower alikuwa amemzika mwanawe Royce miezi mitano kabla, katika lile jeneza kutoka Vietnam ambalo halikuruhusiwa kufunguliwa. Wewe na Royce mlicheza besiboli pamoja tangu mna miaka sita. Hightower alisimama, akatoa hoja kwamba jina lako liondolewe kwenye orodha ya waumini kwa kulikimbia jeshi na kuliaibisha kanisa. Watatu waliunga mkono kwa pupa. Na unazijua kanuni zetu, hoja ikishaungwa mkono, hata angeitoa shetani, lazima ijadiliwe.

Baba ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Akamkabidhi kiti shemasi mwingine, akashuka, akaenda kusimama pale mbele, mahali wanaposimama wenye makosa kuliomba radhi kanisa. Amevaa suti yake ya kijivu, mikono nyuma. Akasema, "Ndugu mwenyekiti, nasimama kama muumini, si kama mchungaji. Kalamu itakayofuta jina la Alton, naomba isirudi mfukoni kabla haijafuta na langu. Sina zaidi." Na hakurudi kukaa. Alibaki pale pale amesimama, na watu wakabaki wanatazama viatu vyao. Mwisho alisikika Mama Odessa Crutcher, mama wa kanisa, akisema kutoka kwenye kiti chake cha kona, "Wendell, mwanangu, kaa chini. Hasira yako siyo na Alton." Hightower akakaa, akalia kwa sauti mbele za watu, mwanaume mzima. Baba akamwendea, akakaa karibu naye, akamshika shingo kwa nyuma kama anavyoshikwa mtoto. Hoja ikaondolewa. Jina lako halijafutwa hata siku moja.

Turudi kwenye mazishi. Baada ya sala kilifika kipengele cha wasifu wa marehemu. Ulikuwa umechapwa ndani ya kijitabu, na juu yake maneno yale yale ya siku zote, kwamba usomwe kimya. Ogani ikapigwa chini chini, watu wakainama wakasoma. Mimi ndiye niliyeuchapa, kwa taipureta ya shule.

Kimya hakikuwa kimya, kwa sababu ya Mama Odessa. Ana miaka tisini na miwili sasa. Macho yameshaenda na masikio yanafuata, kwa hiyo Dada Lurleen alimsomea sikioni, na kumsomea Mama Odessa sikioni ni kulisomea kanisa zima pamoja na nusu ya makaburi. Tukasikia kuzaliwa, ubatizo, vita, ndoa, uchungaji. Tukasikia, "Ameacha binti mmoja, Ernestine, mkwe mmoja na wajukuu wawili."

"Na Alton?" akauliza Mama Odessa.

Dada Lurleen akasema hayumo.

"Hayumo wapi?"

"Kwenye karatasi, Mama. Hayumo kwenye karatasi."

"Vaa miwani, wewe."

"Nimeivaa, Mama."

Ogani ikanyamaza. Mama Odessa akaiinua fimbo yake, akagonga sakafu mara moja. "Basi karatasi ina kosa," akasema. "Mtoto huyo alipotolewa majini pale bwawani mimi ndiye niliyemfunika taulo. Meno yanagongana kwa baridi, na bado akaniuliza kama samaki nao wameshabatizwa. Mtoto wa namna hiyo hasahauliki na mtu."

Watu wakacheka huku wanalia. Halafu wote, wa ndani na wa madirishani, wakanigeukia mimi. Nikainamia kijitabu changu.

Mchungaji Gaither, mgeni aliyekuja kutuongozea ibada, alisimama pale mimbarani kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akakuta ugomvi wa ukoo. Ndipo akainuka Shemasi Hightower. Amezeeka, Alton, anainuka kwa awamu. Akasema, "Ndugu mwenyekiti, natoa hoja."

Mchungaji Gaither akamkumbusha kwa upole kwamba haya ni mazishi.

"Jeneza nimeliona, Mchungaji, mimi si kipofu," Hightower akajibu. "Lakini waumini tupo, kiti kina mtu, na mlango uko wazi. Kwetu huo ni mkutano. Natoa hoja kwamba jina la Alton Broadnax liongezwe kwa watoto wa marehemu, na kila mwenye karatasi aliandike kwa mkono wake mwenyewe, sasa hivi, kabla hatujaenda kaburini."

"Naunga mkono!" Ilitoka kila kona. Hata Wamethodisti waliunga mkono, watu ambao kwetu hawana kura. Mchungaji Gaither akafuta jasho, akauliza wanaokubali, na ile "Ndiyo!" ilitikisa vioo. Akauliza wanaokataa. Hakupata hata mmoja.

Zikatoka zile penseli fupi zinazokaa nyuma ya viti kwa ajili ya kadi za wageni. Hazikutosha. Wakaribishaji wakapita na glovu zao nyeupe wakizihamisha kutoka benchi hadi benchi, na nyingine zikapitishwa madirishani. Mazishi yalisimama dakika nzima, labda tatu, na hakuna kilichosikika ila mkwaruzo wa penseli, watu mia tatu wanaandika jina lako. Hightower aliliandika akiwa amesimama, karatasi yake ameibana ukutani. Nimekutilia humu kijitabu chake. Ameniomba nikuletee hicho na si kingine, na mwandiko wake utausoma kwa shida, lakini utausoma.

Kaburini walikuja askari wawili vijana kutoka kambini, na wa tatu mwenye tarumbeta alisimama mbali penye misonobari. Walipoanza kuikunja bendera iliyofunika jeneza nilimkumbuka Baba na pasi yake, maana walikunja kama yeye, bila haraka, kila ukingo juu ya ukingo. Yule mkubwa akaja akapiga goti mbele yangu, akasema maneno yao ya shukrani za taifa, akaninyooshea. Nikaipokea nikaikumbatia, na watu wakasema nilijikaza sana.

Baadaye tulikula. Chumba cha chini cha kanisa hakikutosha, meza zikatolewa nje. Kuku wa kukaanga, sukuma wiki iliyochemshwa na mifupa ya nguruwe, pai za viazi vitamu kumi na saba, nilizihesabu. Kila aliyepita alinipoza, akaniambia nisijilaumu kwa lile kosa la kwenye karatasi, kwani msiba huchanganya kichwa. Nikasema ndiyo, taipureta ya shule ni mbovu, inaruka mistari. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka nikakaribia kuamini. Jumatano iliyopita nikampelekea Mama Odessa supu. Akala, akafuta mdomo, akanishika mkono na mikono yake ile mikavu. "Taipureta hukosea herufi, mwanangu," akaniambia. "Haikosei ndugu." Halafu akaomba maji.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nachana karatasi.

Baba aliandika wasifu wake mwenyewe miaka miwili kabla ya kufa. Ulikuwa ndani ya kopo la biskuti, pamoja na hati yake ya kutoka jeshini na kitana cha Mama. Ameuandika kwa penseli, kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikufa alipopooza. Herufi zinapanda na kushuka, lazima zilimchukua siku nyingi. Nililifungua kopo Jumatano ile ya simu, nikiwa peke yangu jikoni. Kuna mstari unaosema: "Ameacha mwana mmoja, Alton, wa Toronto, Kanada, na binti mmoja, Ernestine, wa hapa hapa."

Wewe kwanza. Mimi ndiye mkubwa, na wewe ndiye wa kwanza. Wewe wa Toronto, Kanada, na mimi wa hapa hapa, kama kabati. Alton, mimi nilimlisha mtu yule kwa kijiko miaka sita. Nilimkata kucha. Nilimgeuza kitandani asipate vidonda, nikajifunza kunyoa ndevu za mwanaume, na Jumapili tukambeba mimi na Clifton na kiti chake mpaka mimbarani ili ahubiri ameketi. Nilipolisoma jina lako mbele ya langu, nilishikwa na kitu, na nitakiita kwa jina lake. Ni wivu. Nikajisemea, asiyekuwepo na lake halipo. Ndipo nikainua simu nikupigie. Uliponiuliza kama alikutaja, karatasi ilikuwa mezani mbele yangu na kidole changu kiko juu ya jina lako. Nikakuambia hapana.

Ungekuja. Najua ungekuja. Hati ya kukukamata ilikwisha tangu serikali iliposamehe waliokwepa jeshi, mwaka wa sabini na saba, na hakuna kilichokuzuia ila kudhani mzee hakutaki. Yeye naye mwaka ule ule alipaka chumba chako rangi mpya, ya kijani, akanunua godoro, na hakusema ni la nani. Alikuwa anangoja uanze, na wewe unangoja aanze. Vichwa viwili vya jiwe moja, na mimi katikati ningeweza kuwaambia wote wawili kwa stempu moja tu. Sikuwaambia. Nilipenda kuwa mtoto pekee.

Kwa hiyo hakuna taipureta iliyoruka. Niliruka mimi. Na kanisa walipoongeza jina lako walisahihisha nusu tu, kwa sababu nusu ya pili hawaijui. Chini kabisa ya karatasi ya Baba kuna maneno mengine, nayanakili hapa bila kugusa hata nukta:

"Bendera apewe Alton. Nimeitandika juu ya vijana wengi wa watu. Namshukuru Mungu sikuitandika juu yake."

Unajua kazi aliyoifanya vitani kule Ufaransa, ingawa hakupenda kuisema. Kikosi chake kiliokota maiti na kuzizika. Unakumbuka kila mwaka mwishoni mwa Mei, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa, alivyosoma yale majina kumi na moja, ya wavulana ambao hakuna mtu Mill Ferry aliyewajua, na tukaitikia Amina kwa kila mmoja. Mwaka mmoja, akiwa ameshapooza, nilimwuliza kwa nini kumi na moja wakati alizika mamia. Akaniambia hao ndio waliokuwa na barua za nyumbani mifukoni, akazisoma kabla ya kuwafunika, akajua walivyoitwa na mama zao. Sikujua siku ile kwamba alikuwa ananiambia habari zako. Sasa najua. Mwaka huu siku ya kuyasoma iliangukia wiki moja baada ya mazishi, na Hightower ndiye aliyesoma. Aliongeza la kumi na mbili, la Royce, na akaniuliza kama Baba angeudhika. Nikamwambia angesimama aitikie Amina.

Basi hakukuonea aibu, mdogo wangu. Mtu aliyefunika vijana wale wote alishukuru kwamba hukuwa mmoja wao. Alikosa mdomo wa kukuambia, akakupigia pasi mashati. Na mimi nilikuwa na mdomo, nikautumia hivyo.

Jumapili ijayo nitakwenda kusimama pale mbele, mahali aliposimama yeye, nilieleze kanisa lote. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, na nimekwishajua sura atakayoifanya Lurleen. Wakinisamehe ni vyema. Wewe usinisamehe kwa barua. Unikasirikie kwanza, una haki, halafu uje unikasirikie hapa, tukiwa tunaonana.

Bendera sitaituma kwa posta. Nilipewa mikononi na mtu aliyepiga goti, na mimi nitaitoa hivyo hivyo, magoti yangu yakikubali. Iko kwenye kiti chako cha mezani, kile cha upande wa dirisha, na nimewaonya watoto wasikikalie. Sikukuu ya kurudi nyumbani kanisani ni Jumapili ya pili ya Agosti kama siku zote. Chumba ni cha kijani bado.

Clifton anakusalimu na kusema ana kazi bustanini inayofaa goti la mtu wa Kanada. Watoto wanamsalimu mjomba wao, wanataka kujua kama ni kweli mito ya huko huganda mpaka watu wakatembea juu yake. Shemasi Hightower anakusalimu. Mama Odessa anakusalimu, anasema taulo bado analo, na kuhusu samaki hajapata jibu. Mfikishie Rosalind mapenzi yetu, umwambie tunamngoja pia, aje na tumbo tupu.

Nimelikalia sana lile neno la Baba lililoniuma, "wa hapa hapa." Nililiona dogo. Juzi nilikuwa napiga pasi shati lake la Jumapili ili ulikute, mikunjo mitatu mgongoni, wa katikati umenipinda kidogo, na nikafikiri kwamba mtu hawezi kurudi nyumbani kama nyumbani hakuna mtu. Labda ndicho alichotaka kusema kwa mkono ule wa kushoto.

Akulinde Mungu aliyemlinda yeye.

Ni mimi dada yako,
Ernestine, wa hapa hapa